Nati Nyeusi za Gari Namba Nane

Mtaani walimwita Meno, na si kwa sababu ya meno yake mwenyewe, ambayo yalikuwa ya kawaida tu, moja likiwa limekatika pembeni. Alikuwa fundi wa meno bandia. Nyuma ya kliniki moja ya meno kulikuwa na chumba chembamba chenye dirisha refu, na humo ndimo alimokaa tangu ujana wake, akichonga nta, akimimina plasta, aking'arisha taya za watu ambao hajapata kuwaona sura. Mtu akicheka mbele yake, yeye haangalii furaha. Anaangalia kama meno ya juu yamekutana vizuri na ya chini.

Kazi ilikuwa meno, lakini moyo ulikuwa kwenye magari. Si ya kupanda. Meno alijenga mifano midogo ya magari ya mbio ya zamani, yale ya kiti kimoja, pua ndefu na magurudumu nje, kila moja na ukubwa wa kiatu cha mtu mzima. Vipande vilivyo tayari vinavyouzwa kwenye maboksi hakuvitaka. Alisema hicho ni chakula kilichokwisha kutafunwa. Bodi aliichonga kwa nta na kuimimina kwa resini ile ile ya ufizi bandia, viti alivishona kwa ngozi ya glavu kuukuu, na spoki za magurudumu alizisuka moja moja kwa waya wa kunyooshea meno ya watoto. Alijua gari lipi lilikuwa na kabureta ngapi na zimekaa upande gani. Kuendesha, sasa, hakujua hata toroli. Mkewe ndiye aliyeshika usukani wa kigari cha duka, na yeye alikaa kando ameng'ang'ania mlango kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Duka lenyewe lilikuwa la vifungo, zipu na nyuzi. Mkewe aliachiwa na baba yake, na kisa hiki chote ni cha huyo baba.

Baba mkwe alikuwa watu wawili katika mtu mmoja. Wateja wa duka walimjua kama mzee wa vifungo. Watu wa rika lake walimwita Spana, kwa sababu zamani, binti yake akiwa bado anatambaa, alikuwa fundi wa magari ya mbio. Siku moja, katika mashindano yaliyofanyika kwenye uwanja wa ndege wa zamani, gurudumu la mbele la kushoto la gari alilolihudumia lilichomoka likiwa katika mwendo mkali, likaruka, likampiga kijana mmoja mshika bendera. Kijana akafa pale pale. Gari likabingirika na kuungua, dereva akavutwa nje na mguu uliovunjika. Wakaguzi walikuja wakakuta vyuma vimesagika, wakasema chanzo hakijulikani. Lakini midomo ya watu haina breki. Gurudumu hufungwa na nani? Na fundi. Basi, hukumu ikapita barabarani.

Spana hakushika spana tena. Akaenda kuuza vifungo, kitu ambacho hata kikichomoka hakiui mtu.

Dereva wake, waliyemwita Bingwa, alipona akabaki na kilema na heshima. Kila mwenye kumtaja alimsifu kwa jambo moja: kwamba miaka yote hiyo hajamlaumu fundi wake hadharani hata mara moja. Muungwana huyo, walisema. Na kila waliposema hivyo walikuwa wanamtia Spana hatiani upya, maana humsifu mtu kwa kutomlaumu asiye na kosa.

Nyumbani kwa Meno habari hiyo haikuzungumzwa. Meno alikuwa ametamani kulijenga gari lile tangu siku ya posa, lakini kuna mambo mkwe haulizi. Alijenga magari ya nchi za mbali, akiyatoa kwenye magazeti na vitabu vikuukuu, na lile la nyumbani akaliacha, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa jirani bila kugeuza shingo.

Kisha mzee akaugua. Alilazwa, akaruhusiwa, akaja kukaa kwao katika chumba cha mbele, amekonda, macho yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho kiasi cha kuona vivuli tu na rangi kali. Mchana mmoja binti yake akiwa dukani, alimwita mkwewe akamwambia aketi.

"Nijengee ile gari," alisema.

Meno hakuuliza gari gani.

"Nataka nijue asubuhi ile ilikaaje. Mimi usiniulize chochote. Nikikueleza mimi, nitakueleza ninavyotaka iwe. Tafuta picha, ufuate picha."

Ndipo akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Magurudumu ya gari lile yalifungwa kila moja kwa nati moja kubwa ya katikati, yenye masikio, unayoikaza kwa kupiga nyundo. Nati za kushoto zinajikaza upande mmoja, za kulia upande wa pili, ili gari likikimbia nati izidi kujikaza yenyewe. Ukizibadilisha, kila mzunguko unalegeza badala ya kukaza. Usiku wa kuamkia mashindano Spana alifungua habu zote mbili za mbele, yaani vile vitovu vinavyobeba gurudumu na nati yake, akazitia grisi. Alikuwa hajalala vya kutosha. Akazirudisha. Na tangu siku ile mpaka leo hakuwa na uhakika kama ya kushoto ilirudi kushoto.

Kwa kuogopa kosa la namna hiyo, alikuwa na kawaida yake: masikio ya nati za kushoto aliyapaka rangi nyeusi, ya kulia nyeupe.

"Nyeusi kushoto, nyeupe kulia," alisema mzee. "Ukiona nyeusi kulia, basi mimi ndiye niliyemuua yule kijana. Utaniambia. Usinionee huruma, na binti yangu asijue mpaka nitakaposema mwenyewe."

Meno aliitikia. Angefanyaje? Huwezi kumkatalia mkweo aliyetoka hospitalini jambo aliloliogopa maisha yake yote na leo kalitaka. Lakini alipotoka chumbani alitamani kweli picha zisipatikane.

Zilipatikana. Studio moja ya zamani ilikuwa inafungwa, na mwenyewe alikuwa na maboksi ya filamu kuukuu ambazo hakuna aliyezidai. Meno akapekua mpaka akapata kipande kimoja cha siku ile: gari namba nane likiwa kwenye mstari wa kuanzia, limepigwa kwa ubavu, kubwa, safi. Nyuma yake watazamaji ni ukungu tu. Mbele, karibu na mkia wa gari, wamesimama wasimamizi watatu wenye makoti mazito, wamejinyoosha kana kwamba picha ni yao. Mwenye studio akamsafishia picha kubwa, Meno akaipeleka nyumbani ndani ya faili la kliniki.

Pua ya gari ilielekea mkono wa kulia wa picha. Kwa hiyo ubavu unaoonekana ni wa kulia. Hata mtoto angesema hivyo. Meno akaanza kujenga. Alianza na bodi, akaipaka rangi ya maziwa, akaandika nane kwenye mkia kwa brashi yenye unywele mmoja. Nati aliziacha kwa makusudi. Picha aliifunika kwa karatasi yenye tundu, ili aone sehemu anayoijenga tu na jicho lisikimbilie gurudumu. Ujanja wa mtoto anayeficha dawa chini ya ulimi.

Kitu kimoja kilimsumbua. Injini ya aina ile aliijua. Alikwisha kuijenga mara kadhaa kwenye magari mengine, na bomba lake la moshi hutokea kushoto. Kwenye picha bomba lilipita kulia. Akakuna kichwa, akapekua vitabu, mwishowe akajiambia kwamba mafundi wa zamani walikuwa wabunifu, huenda waliigeuza. Picha haidanganyi. Akaziba matundu ya kushoto, akatoboa kulia, akalazimisha bomba likae. Halikukaa vizuri. Alilisugua mpaka likakubali.

Mzee alikuwa akiuliza kila siku, kwa sauti ya chini, binti akiwa jikoni au dukani. "Umefika wapi?" Meno alijibu kwamba yuko kwenye kiti; kesho yake yuko kwenye usukani; kesho kutwa bado usukani. Usukani wa ukubwa wa kifungo cha shati unamchukua mtu siku ngapi? Mzee alikuwa amewahi kuwa fundi, na fundi anajua fundi mwenzake anapozungushazungusha.

Hatimaye hapakubaki kitu ila nati. Meno akaondoa karatasi, akachukua kile kioo cha kukuzia anachotazamia nyufa za meno, akainama.

Masikio yalikuwa meusi.

Akafuta kioo kwa shati. Akatazama tena kwenye mwanga wa dirisha. Akajaribu kujiambia ni kivuli, lakini kivuli hakina ukingo ulionyooka namna ile, na gurudumu la nyuma, ambalo halikufunguliwa, lilikuwa kwenye kivuli kizito mno hata asione kitu. La mbele lilionekana wazi. Nyeusi, upande wa kulia. Akakaa chini.

Angeweza kudanganya, tuseme ukweli, alikaribia sana. Rangi nyeupe ilikuwa mezani, brashi ilikuwa mkononi, mzee haoni. Angepaka nyeupe, amwambie mzee kwamba kila kitu kiko sawa, mzee afe kwa amani, na siri azikwe nayo Meno mwenyewe. Lakini aliambiwa usinionee huruma. Na kuna jambo jingine, dogo na la aibu, ambalo Meno alikuja kulikubali baadaye: katika maisha yake hakuwahi kupaka kitu tofauti na picha. Alijivunia hilo. Mkono ulikataa.

Alikwenda kumwambia mchana, mke akiwa dukani. Maneno aliyokuwa ameyapanga yakapotea yote, akajikuta anasema tu kwamba za kulia ni nyeusi.

Mzee alijiinua kidogo kitandani. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa ukingo wa shuka.

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia, Baba."

"Asante," alisema mzee. "Sasa najua."

Hakulia. Aliomba maji, akanywa, akarudisha kikombe. Kisha akasema Jumamosi atakwenda kwa Bingwa kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe, na kutoka huko atakwenda kwa jamaa za yule kijana, kama wapo walio hai. Meno akamsihi angoje apate nguvu. Mzee akamjibu kwamba amengoja vya kutosha, na nguvu hiyo ndiyo iliyobaki.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kupumulia. Mzee alikula vijiko viwili na kusukuma sahani. Binti yake akadhani ni ugonjwa umerudi, akawa anazunguka na dawa, anamkemea, anambembeleza. Kila aliposema "Baba, kula, una nini?" Meno aliinamisha kichwa. Usiku wanandoa walilala wakipeana migongo. Mke alijua kuna kitu, na alijua kwamba mumewe anajua kwamba anajua. Aliuliza mara moja tu. Meno akasema ni kazi. Mke akasema haya.

Jumamosi asubuhi mzee aliondoka kabla hawajamaliza chai. Alimwomba jirani amwitie teksi, akavaa koti lake la heshima, akatoka akipapasa ukuta. Binti aliposikia mlango wa gari ukifungwa akakimbia nje, akakuta vumbi. Jirani akamweleza: mzee kasema anakwenda kwa Bingwa, kuna deni la maneno.

Binti akaingia bila kubisha katika chumba cha nyumbani ambamo Meno alijengea magari yake. Meno alikuwa ameketi mbele ya gari lililokamilika, hafanyi kitu.

"Baba amekwenda kwa Bingwa," alisema mke. "Nyumba ambayo hajaikanyaga tangu mimi natambaa. Nieleze."

Akaeleza. Yote, habu, rangi, picha, ahadi. Alipofika mwisho mkewe alikuwa ameegemea mlango, uso umebadilika.

"Umemwambia baba yangu kwamba ameua mtu," alisema polepole. "Halafu ukaja mezani, ukala chakula changu, ukaniangalia namwomba Baba ale. Ukasema ni kazi."

Meno alisema aliahidi. Mkewe akamwambia ahadi hiyo akailalie peke yake. Alikuwa na hasira ya kweli, ile isiyopiga kelele, na Meno aliogopa. Mke akanyoosha mkono juu ya meza akaichukua picha, kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake kitu kilichomhukumu baba yake.

Alitazama gurudumu. Hakulielewa, nati kwake ilikuwa nati. Macho yakahamia kwa watu, kama yanavyofanya macho ya mtu anayetafuta pa kutulia. Akakunja uso. Akaisogeza picha dirishani.

"Hawa ni wanaume?"

"Ni wasimamizi wa mashindano."

"Mbona wote watatu wamevaa makoti ya wake zao?"

Meno hakuelewa. Mkewe akamvuta, akamwekea kidole. Koti la mwanamume, upande wa kushoto ndio unaokuja juu ya wa kulia. La mwanamke ni kinyume chake. Jambo hilo amelisema dukani kila siku ya Mungu kwa mafundi cherehani wanaoanza. Mmoja kati ya watatu, sawa, huenda aliazima. Lakini watatu, kwenye picha moja, vifungo vyote upande wa kike?

Meno aliitazama namba nane kwenye mkia. Nane, hata uigeuze ndani ya kioo, inabaki nane. Akalitazama bomba la moshi alilolisugua mpaka likakubali. Sasa akaelewa. Mwenye studio alikuwa ameilaza filamu kinyume, uso wake ukiwa chini, na picha nzima ikatoka imegeuka kama uso kwenye kioo. Ubavu ule haukuwa wa kulia. Ulikuwa wa kushoto. Nyeusi kushoto.

"Washa gari," alisema.

Njia haikuwa ndefu, lakini ilikuwa siku ya soko na mikokoteni imejaa barabarani. Mkewe aliendesha kwa namna ambayo Bingwa mwenyewe angefumba macho. Meno alikuwa amelipakata gari la mfano mapajani na picha chini ya kwapa, akihesabu kichwani maneno ambayo mzee huenda ameshayatamka. Walisimamishwa na lori lililokuwa linarudi nyuma. Mke akapiga honi, akashusha kioo, akamwambia dereva wa lori mambo ambayo duka la vifungo halijawahi kuyasikia.

Waliingia sebuleni kwa Bingwa bila kungoja kukaribishwa. Vikombe vya ushindi vilikuwa kwenye kabati la kioo. Spana alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, kofia mkononi, mashavu yamelowa. Bingwa, mzee mrefu mwenye fimbo, alikuwa amesimama juu yake, kamwekea mkono begani.

"Yamekwisha, ndugu yangu," alikuwa akisema. "Nilikwisha kukusamehe zamani. Tusiyarudie tena."

Meno alisema akiwa bado mlangoni, pumzi zikikatika, kwamba si kweli, kwamba alikosea, kwamba picha ilisafishwa kinyume. Akaeleza vibaya, akarudia nyuma, mkewe akamalizia kwa habari ya vifungo. Spana aligeuza uso wake kuelekea sauti zao. Muda wote hakuwa akielewa, ilionekana. Kisha akauliza swali moja tu.

"Bomba la moshi, kwenye picha, liko upande gani?"

"Upande ule ule wa nati nyeusi," alisema Meno.

"Bomba la gari ile lilikuwa kushoto." Mzee aliyasema hayo kwa sauti nyingine, ya mtu aliye kazini. "Hilo silisahau. Kushoto. Basi habu zilikuwa mahali pake. Nilizifunga sawa."

Binti yake akapiga magoti akamkumbatia, analia na kucheka, na Meno akaegemea ukuta. Furaha iliyomjia ilikuwa kubwa mno.

Ni Spana aliyegundua kwanza kwamba kuna jambo. Hakuona, alisikia: kati ya watu wanne chumbani, mmoja hakusema kitu. Mkono uliokuwa begani mwake ulikuwa umeondoka. Fimbo iligonga sakafu mara moja, na kiti cha pili kikalia kwa uzito wa mtu anayekaa.

"Bingwa," alisema Spana. "Mbona hufurahi?"

Fimbo ya Bingwa ilikwaruza sakafu.

"Umesema ulinisamehe zamani. Kabla sijaja. Kabla hujajua habari ya habu." Akayapima maneno hayo. "Ulinisamehe nini?"

Bingwa alitazama kabati lake la vikombe, kisha sakafu. Alipoanza kusema alisema kwa utulivu, na labda alikuwa ameyapanga maneno hayo miaka mingi bila kupata pa kuyaweka. Raundi moja kabla ya ajali, kwenye kona ya mbali, alikata karibu mno, akakigonga kigingi cha zege kwa gurudumu la kushoto. Hapakuwa na mtu upande ule. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi.

"Nilijua kuna kitu kimevunjika," alisema. "Nilikuwa naongoza mbio. Nikasema, imebaki raundi moja tu."

"Ukamuua yule kijana," alisema binti wa Spana.

"Nikamuua. Na hakuna aliyeniuliza. Waliuliza gurudumu lilifungwa na nani." Akamgeukia Spana. "Leo ulipoingia ukasema ni wewe, nikafikiri labda ni kweli, labda ni wewe na kigingi hakikuwa na kosa. Nilitaka iwe ni wewe."

Ungetegemea Spana apige kelele, au atafute kitu cha kurusha; vikombe vilikuwepo vya kutosha. Alivaa kofia yake. Akamwambia Bingwa kwamba jamaa za yule kijana bado wana haki ya kujua, na kwamba safari hii atakwenda yeye mwenyewe Bingwa, kwa mguu wake mbovu, na akiwa hajakwenda mpaka wiki ijayo, Spana atawatuma binti yake na ulimi wake. Bingwa akaitikia kwa kichwa, akakumbuka kwamba mwenzake haoni, akasema ndiyo.

Nje jua lilikuwa kali. Mke alitangulia kugeuza gari, na Meno akabaki na mzee kwenye ngazi, gari lake la mfano amelishika kifuani, hajui aliweke wapi. Alianza kuomba radhi. Alisema ilimpasa atazame vizuri zaidi, kwamba bomba lilikuwa limemwonya wazi na yeye akalilazimisha, kwamba haimtoki akilini jinsi mzee alivyomshukuru. Mzee alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Yule alijua akanyamaza," alisema Spana. "Wewe hukujua ukasema. Nimesimama hapa kwenye ngazi nikijaribu kujua ni nani kaniumiza zaidi, na sipati jibu."

"Uliniambia nifuate picha, Baba."

"Nilikuambia. Lakini umekula na mimi miaka mingapi? Karatasi ilipokuambia huyu mzee ni muuaji, hata siku moja hukusema hapana, huyu namjua, hebu niitazame tena karatasi."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameshuku kivuli, ameshuku kioo cha kukuzia, ameshuku macho yake, ameshuku hata mafundi wa injini. Picha na mkwewe, aliamini picha. Machozi yakamjia hapo kwenye ngazi za watu, mtu mzima.

Kigari cha duka kikasimama mbele yao, injini inanguruma. Meno akahamishia gari la mfano kwenye mkono mmoja, akanyoosha mwingine kumshika mzee kiwiko ashuke.

"Nimezisikia radhi zako, mwanangu, na nitakusamehe, sina mkwe mwingine," alisema mzee, akaondoa kiwiko taratibu. "Lakini leo usinishike."

Akashuka ngazi peke yake, akitangulia kupapasa kwa ncha ya kiatu kila hatua kabla ya kukanyaga, na Meno akamfuata nyuma bila kumgusa.